Nyumba iliyohamwa ziwa lilipopanda (Katonga): tukiingia tuanze kukagua wapi?

Mjukuu_wa_Ujiji
Wakuu, habari za kazi. Kuna nyumba ya ukoo kando ya ziwa, upande wa Katonga, Kigoma, ilihamwa maji ya Tanganyika yalipopanda. Sasa yamerudi nyuma, uwanja umebaki tope na matete. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, plasta ya saruji nje, mabati ya geji 30, choo cha shimo nyuma. Mwenyewe ametoa ruhusa na mwenyekiti wa mtaa ana taarifa. Tunataka kuvua mabati na mbao, na kujua kama tofali zinafaa. Kwa nje inaonekana nzima kabisa. Tunaingiaje bila kuangukiwa?

FundiMwandiga
Hiyo "nzima kabisa" ndiyo ya kuogopa, mkuu. Plasta ya saruji ni ganda tu. Udongo ulio kati ya tofali ukilowa muda mrefu unalainika na kutoka, tofali zinabaki na mapengo, na ganda linaficha. Gongagonga futi tatu za chini za ukuta. Panapolia kama debe tupu, bandua plasta kiasi cha kisosi, kisha sukuma bisibisi bapa kwenye kiungo kwa nguvu ya kiganja, bila nyundo. Ikizama sentimita 5, ukuta huo haubebi kitu, umesimama kwa mazoea.

Lakini kabla hujagusa, zunguka nje. Nyufa za unywele kwenye plasta si neno. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha ukapanda mshazari, mpana juu na mwembamba chini, maana yake kona ya msingi imezama. Shusha timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) kona zote nne. Ukuta wa mita 2.5 ukiwa umelala sentimita 3, mimi sipiti chini yake. Kama hamna haraka, pakeni jasi nyembamba kuvuka ufa, andikeni tarehe, mrudi baada ya wiki mbili. Jasi ikikatika, nyumba bado inatembea.

Ndani waingie wawili, wa tatu abaki nje. Sakafu igongwe kwa nondo kila hatua, maana maji yanachukua kifusi cha chini na zege linabaki limening'inia. Likilia kama ngoma, rudi. Mlango uliokaza usiupige teke: huenda fremu ndiyo imebeba ukuta ulioshuka, ukiing'oa umeshusha kila kitu kichwani.

Choo msikikaribie, kaeni mita 3 au zaidi. Shimo lisilojengewa hubomoka chini kwa chini, slabu ikabaki juu kama kifuniko cha sufuria, na majani yameshaota.

Umeme_Gungu
Niongezee la umeme. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) kuisha uniti hakumaanishi nyumba haina moto. Waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita unaweza kuwa na umeme hata mita ikisoma sifuri, na swichi kubwa ya ndani haiugusi kwa sababu iko baada ya mita. Waya huo mara nyingi unapita juu ya bati kabisa. Ombeni TANESCO wakate kule nguzoni kabla mtu hajaweka ngazi. Kama kuna sola, paneli inatoa umeme mchana hata betri ikiwa imekufa. Ifunikeni kwa turubai zito, kisha mkate waya mmoja mmoja.

Mjukuu_wa_Ujiji
Shukrani sana. Paa tuanzie wapi? Na kuna popo juu ya siling bodi.

FundiMwandiga
Paa ndilo limeshika vichwa vya kuta, kwa hiyo ukilivua ovyo kuta zinabaki zinayumba. Tangulizeni kofia (bati la mgongo wa paa), halafu mabati, mkipunguza pande zote mbili kwa zamu ili kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zisilemewe upande mmoja. Msikanyage bati, lazeni ubao juu ya kenchi. Papi (mbao za kupigilia mabati) zikishatoka, shusheni kwanza zile pembetatu za tofali za pande mbili, tofali moja moja, ndipo mguse kenchi. Pembetatu ikiachwa bila paa, upepo mmoja unaiangusha. Na msiegemeze ngazi ukutani: jengeni jukwaa lenye miguu yake.

Mbao huanza kuoza pale zinapolalia ukuta. Chomeni bisibisi, kateni palipolika, sehemu iliyobaki mara nyingi ni nzima.

Popo msiwashike kwa mkono. Mavi yao yakikauka, vumbi lake linaweza kubeba fangasi wa mapafu. Nyunyizeni maji kwanza, vaeni barakoa ya N95, si kanga ya kujifunga puani. Siling bodi ishusheni kipande kipande mkiwa mmesimama pembeni. Nyoka na nyuki nao wanapenda humo.

Mtu_wa_mwalo
Msimu mwema ni Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijakolea. Ziwa hupanda na mvua mpaka kama Mei, kisha hushuka. Mto unaotoa maji ni Lukuga tu, upande wa Kongo, mengine huondoka kwa mvuke, ndiyo maana likishajaa halina haraka ya kupungua. Vaeni buti za mpira hata kwenye dimbwi la ndani ya chumba: kichocho kipo. Kwenye matete angalieni mamba na viboko.

Tofali zipangeni juu, mbali. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo msiwaze kujenga pale pale.

Mjukuu_wa_Ujiji
Tofali nzima nitazijuaje?

FundiMwandiga
Zigonganishe mbili. Zikilia kama chuma, zimeiva. Zikitoa mlio mfu, tumbukiza moja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi ikimeguka pembe kwa kidole, zote za aina hiyo ni kifusi cha kujazia barabara.