Naomba ushauri: somo moja, watoto wenye mahitaji tofauti

Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha darasa la tatu huku Newala, Mtwara, watoto 74 chumba kimoja. Mmoja ana ualbino, maandishi ya ubaoni hayaoni hata akikaa mbele. Mwingine hasikii vizuri sikio la kushoto. Wapo pia wanaoongea Kimakonde nyumbani, Kiswahili cha kitabuni kinawachelewesha, ilhali hesabu wanaziweza kabisa.

Nimesoma kuhusu mpango wa CAST, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1984: somo liandaliwe tangu mwanzo likiwa na njia zaidi ya moja ya kumvutia mtoto, ya kumfikishia maarifa, na ya yeye kuonyesha alichoelewa. Nimeupenda. Wiki iliyopita nilifundisha kugawanya kwa korosho (msimu huu hazikosekani), kila kundi likapanga mafungu kwa mikono. Yule mwenye ualbino, ambaye siku zote huinamia daftari kimya, alikuwa wa kwanza kutoa jibu. Nilifurahi mno.

Ninapokwama ni kwenye kupima. Nikimruhusu mmoja ajibu kwa mdomo na mwingine achore, nitawafikiaje wote 74 ndani ya dakika 40? Na mtihani wenyewe ni wa kuandika tu. Nyie mnaweka alama vipi? Na kwenye kusoma, ambako hakuna korosho za kushika, mnafanyaje? Nina maboksi, kalamu za rangi na vizibo vya soda tu. Mwenye uzoefu, hasa wa shule za vijijini, naomba anielekeze.