Re: Binti anachagua masomo ya A-level, achukue sayansi tupu?

Wadau salaam. Dada uliyeuliza kuhusu binti yako anayemaliza GCSE (mitihani ya huku ya miaka 16), naomba nichangie maana hili jambo linanigusa sana. Wazazi wengi hapa Uingereza tumekuja na ile akili ya kombi za form five za Tanzania, kwamba PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na PCM (fizikia, kemia, hesabu) ni za wenye akili na HGL (historia, jiografia, Kiingereza) ni ya waliobaki, alafu tunamtwisha mtoto wa miaka 16.

Huku hamna kombi. Kwenye A-level, ile miaka miwili kabla ya chuo, mtoto kwa kawaida anachukua masomo matatu anayochagua mwenyewe, ilimradi ratiba ya shule iruhusu. Kwa udaktari vyuo vingi vinataka kemia na baiolojia, la tatu vingi vinamwachia achague, kwa hiyo akiongeza historia anakubalika sehemu nyingi tu, sema ingia websaiti ya kila chuo usome masharti kabla hajajaza fomu maana wapo wanaotaka hesabu au sayansi ya tatu. Uinjinia ni habari nyingine, pale hesabu karibu haikwepeki, na kozi nyingi zinataka fizikia pia.

Na msione historia ni ya kujazia nafasi jamani. Intavyuu nyingi za udaktari siku hizi ni za vituo vituo, unasoma kadi mlangoni, kengele inalia, unaingia. Kadi inaweza kusema mgonjwa anakataa kuongezewa damu kwa ajili ya dini yake, na ndani kuna mtu anaigiza huyo mgonjwa, zungumza naye. Hapo kemia haikusaidii kitu. Binti yangu kwenye historia alikuwa ameshazoea kusoma barua mbili za watu waliogombana na kueleza kila mmoja aliogopa nini, hata angekuwa hakubaliani naye, na mimi naamini ndo kilimbeba.

Walioko Scotland mna nafuu, Highers (mitihani yao ya kuingilia chuo) kawaida ni tano, nafasi ya kuchanganya ipo. IB (diploma ya kimataifa inayochukuliwa badala ya A-level) nayo ni masomo sita na insha ya maneno 4,000, ila shule za serikali zinazoitoa ni chache.

---

Re: Re:

Asante sana kaka. Ila naogopa mzigo, insha zitamla muda wa kemia.

---

Re: Re: Re:

Ni kweli dada, zinakula muda. Historia ina insha ndefu ya kujitegemea yenye 20% ya alama zote, muulizeni mwalimu inakusanywa mwezi gani, alafu aimalize mapema isigongane na mitihani ya majaribio.