Chablis, Sancerre au Muscadet: ipi kati ya hizi waini nyeupe za Ufaransa ina ule ukali wa jiwe kweli?

KijanaWaTanga
Habari za jioni wakuu, naomba msaada wa haraka kidogo. Jumapili tumealikwa kwa baba mkwe hapa Brussels, mzee anapenda kula vizuri, anaanza na chaza wabichi kisha samaki wa kuoka, na mimi kwa kiherehere changu nikasema waini naleta mimi. Sasa huyu mzee zile nyeupe nzito zenye harufu ya siagi na vanila hazimgusi kabisa, yeye anataka kavu, kali, ile ukishameza ulimi unabaki kama umelamba jiwe lililonyeshewa. Dukani nimeona tatu: Chablis Premier Cru ya Montée de Tonnerre euro 38, Sancerre ya kijiji cha Chavignol euro 27, na Muscadet imeandikwa Clisson euro 17. Msiniambie tu "chukua hii", nielezeeni zinatofautiana wapi maana mzee lazima ataniuliza.

MzeeWaPipa
Mkuu umegusa penyewe, mimi kazi yangu ni stoo ya waini huku Paris. Nianze na Chablis maana wengi wanaijua jina tu.

Kwa makaratasi ni eneo la Burgundy, ila ukifungua ramani utaikuta imejitenga kaskazini peke yake, wilaya ya Yonne karibu na mji wa Auxerre, jirani yake wa karibu ni mashamba ya kusini ya Champagne kuliko hata Beaune, mji mkuu wa waini za Burgundy. Zabibu ni Chardonnay tupu, nyingine hairuhusiwi. Katikati unapita mto mdogo unaitwa Serein, na huo mto ndio wa kuanza nao ukitaka kuelewa chupa za huko. Kulia kwake, juu ya mji, kuna mteremko mmoja unaotazama kusini magharibi, unapigwa na jua la mchana mpaka jioni, hapo ndipo Grand Cru zote zilipo, yaani daraja la juu kabisa, kama hekta 100 tu na majina saba: Blanchot, Bougros, Les Clos, Grenouilles, Preuses, Valmur na Vaudésir (ipo na La Moutonne, jina halimo kwenye yale saba lakini lebo yake utaiona, shamba lenyewe liko ndani ya Vaudésir na Preuses, mambo ya Wafaransa hayo). Ushuke ngazi unakuta Premier Cru, halafu Chablis ya kawaida, halafu Petit Chablis ambayo mashamba yake mengi yako juu kule uwandani kwenye upepo.

Udongo wake ni chokaa iliyochanganyika na mfinyanzi, wanauita Kimmeridgian, ulikuwa sakafu ya bahari kama miaka milioni 150 iliyopita. Ukiokota kipande cha jiwe shambani unakuta visukuku vya chaza wadogo waliojikunja, Exogyra virgula, wamebanana mpaka jiwe lote ni wao. Sasa hapo ndipo watu wanapata hadithi ya chaza mezani na chaza ardhini, hadithi tamu sana ya kuuzia.

Hiyo Montée de Tonnerre uliyoiona iko upande wa kulia, inatenganishwa na Blanchot kwa kibonde tu. Mimi ukinipa Grand Cru ya mzalishaji wa kawaida na Montée de Tonnerre ya mtu makini nachukua hii ya pili bila kufikiria.

Dada_Neema
Mkuu hapo juu ameitendea haki Chablis ila Sancerre ya bonde la Loire msiiache jamani. Mimi nahudumia hotelini Unguja na nyeupe inayotoka kuliko zote kwa wageni ni hiyo. Zabibu yake ni Sauvignon Blanc, kwa hiyo kitu cha kwanza ni pua: unafungua tu chupa unapata balungi, limao, majani yaliyokatwa, haina haja ya kuitafuta. Chablis pua yake imetulia, tufaa la kijani kidogo, limao kidogo, imekaa kimya mpaka uinywe ndo inakushika mdomoni.

Halafu Sancerre sio moja. Kuna mashamba ya jiwe la gumegume wanaita silex, hizo zina kaharufu ka moshi, ka kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Kuna caillottes, kokoto za chokaa, hizo nyepesi zinanyweka zikiwa changa. Na kuna terres blanches, ardhi nyeupe, ambazo ndo za Chavignol, kule kwenye mteremko mkali wa Les Monts Damnés, hizo zina mwili zaidi, yaani nzito kidogo mdomoni, na ile harufu ya majani inapungua. Chavignol ndo kwenye ile jibini ya mbuzi maarufu pia, kwa hiyo kaka kama mzee ana jibini ya mbuzi mwisho wa chakula, Sancerre imeshashinda. Na samaki wa nazi au wenye ndimu na pilipili Sancerre inawamudu, Chablis inapotea pale. Ila kwa chaza wabichi watupu hapana, Sauvignon inawafunika.

Jiolojia_254
Naomba niingilie hapa kabla mambo hayajaenda mbali 😂 mimi mawe ndio kazi yangu. Wasee hakuna jiwe linaingia kwa chupa. Mzabibu unavuta maji na ayoni (chembe za madini zilizoyeyuka), potasiamu, kalisiamu, vitu vya aina hiyo, kwa viwango vidogo sana, na nyingi ya hizo hazina ladha ya kutambulika kwa kiasi hicho. Mawe yenyewe yakiwa safi hayana ladha wala harufu. Kuna mjiolojia wa Aberystwyth kule Wales, Alex Maltman, ameliandikia hili suala miaka mingi akiwaambia watu wa waini wapunguze. Hata hao chaza wa miaka milioni 150 sahii ni kalisiamu kaboneti, chokaa, basi, hakuna chumvi ya bahari iliyobaki inangoja Chardonnay.

Na angalieni kitu kingine. Terres blanches za Chavignol ambazo dada ametaja ni huo huo Kimmeridgian wa Chablis, ni mkanda mmoja wa miamba unaozunguka beseni la Paris (eneo pana la miamba lenye Paris katikati), unapita Champagne ya kusini, Chablis, mpaka Sancerre. Kutoka Chablis hadi Sancerre moja kwa moja hata kilomita 100 hazifiki. Ardhi ile ile, na glasi mbili ambazo hata mtu wa mara ya kwanza hawezi kuzichanganya. Sasa kama ni jiwe linaongea, mbona linaongea lugha mbili?

MzeeWaPipa
@Jiolojia_254 kwa kemia nakubaliana na wewe mia kwa mia, ila usituchomee nyumba yote. Ardhi inafanya kazi, sema sio kwa kuingia kwenye chupa. Chokaa na mfinyanzi vinashika maji vizuri halafu vinayaachilia polepole, mteremko unaamua jua, na baridi ya kaskazini inafanya zabibu zikomae huku bado zina asidi nyingi. Hiyo asidi ukiiweka pamoja na kukosa matunda matunda mengi puani ndo mtu anasema jiwe. Kile cha kiberiti alichosema dada ni misombo ya salfa, watafiti wa Bordeaux walishaipata mmoja wenye harufu hiyo ya gumegume kabisa, benzenemethanethiol, na inategemea sana mtengeneza waini anafanya nini.

Ndio maana mimi jina la mtu kwenye lebo naliangalia kabla ya jina la shamba. Louis Michel anatumia matangi ya chuma, mwaloni hakuna kabisa, waini inatoka imenyooka. Raveneau na Dauvissat wanatumia mapipa ya zamani ambayo hayatoi vanila tena, zinazeeka vizuri mno ila bei zao sa hizi ni za matajiri, sahau. Kama hutaki kubahatisha La Chablisienne, ule ushirika wa wakulima ulioanza 1923, hawakuangushi.

Na wenyewe Wachablis waligombana kuhusu huo udongo, miaka ya 1970 kulikuwa na kambi mbili za wazalishaji, William Fèvre na wenzake wanasema bila Kimmeridgian hakuna Chablis, Jean Durup na wake wanasema mteremko na hali ya hewa ndo muhimu, mashamba yaongezwe. Kambi ya Durup ndo ikashinda. Miaka ya 1950 eneo lote lilikuwa na kama hekta 500 tu, leo zimepita 5,000. Kwa hiyo Chablis ya bei ya chini unaweza kupata chupa haina chochote, maji ya limao tu. Premier Cru hatari hiyo inapungua sana.

HekimaDodoma
Yaani euro 38 kwa chupa ya kulamba jiwe, na mtaalamu mwenyewe kasema jiwe halimo 🤣 Huku Dodoma tuna Chenin Blanc yetu, ukiipooza vizuri na kuku wa kienyeji hutaki kingine. Nauliza tu kwa nini ile iwe ghali hivyo?

Bukavu_Lyon
Ndugu yangu Hekima, bei ya Chablis mimi naielewa maana nimefanya kazi za msimu kule, kukata matawi na kufunga. Shida yao kubwa ni baridi ya Aprili. Chipukizi zimeshatoka, ndogo, laini, halafu usiku mmoja hewa ya baridi inashuka inalala bondeni kwenye mto, kufika alfajiri iko chini ya sifuri na asubuhi chipukizi zimegeuka nyeusi. Watu hawalali. Wanapanga ndoo za nta ya parafini katikati ya mistari, mamia na mamia, wanaziwasha usiku wa manane, ukiangalia mlima mzima ni taa na moshi unakuingia mpaka kwenye nguo za ndani. Wengine wana mabomba ya kunyunyizia maji, na hii ndo ilinishangaza kabisa: wanalowesha chipukizi makusudi ili maji yagande juu yake. Maji yanapoganda yanatoa joto kidogo, na chipukizi ndani ya lile ganda la barafu inabaki kwenye sifuri, haishuki, inapona. Ila ukianza kunyunyiza huruhusiwi kuacha mpaka jua litoke liyeyushe, pampu ikizima katikati umemaliza shamba. Aprili 2021 ilipiga vibaya sana Ufaransa karibu yote, na 2016 pia walilia, baridi halafu mvua ya mawe juu yake. Mwaka kama huo chupa ni chache na bei inapanda, ni hesabu tu.

Na bado sijasikia mtu akiitetea Muscadet, masikini. Mwaka 1709 majira ya baridi yaliua mizabibu huko kwa Nantes, karibu na bahari, baadaye wakapanda sana zabibu ya Melon de Bourgogne inayovumilia baridi, ndo ya Muscadet. Hiyo Melon na Chardonnay ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, wazazi ni Pinot na Gouais Blanc, vipimo vya DNA vilionyesha. Waini inakaa juu ya mashapo ya hamira, ile hamira iliyotulia chini, bila kuhamishwa, inapata kitu kama chumvi chumvi na mkate kidogo. Chokaa huko si habari yao, wao wana mawe magumu, graniti, naisi, gabro. Clisson ni graniti na sheria yao inataka ikae juu ya mashapo miezi isiyopungua 24, kwa hiyo hiyo ya euro 17 uliyoiona sio ile Muscadet ya kunywea kwenye glasi za plastiki. Kwa chaza mimi naichukua hiyo mbele ya zote mbili, na siombi radhi.

Dada_Neema
Hapo kwa chaza nakuunga mkono kaka, tena isiyo na mambo mengi.

HekimaDodoma
Sawa kwa maelezo ya ndoo za nta nimenyamaza. Lakini Chenin si ni zabibu ya huko huko Loire, kwenye Sancerre na Muscadet?

MzeeWaPipa
Ndiyo mkuu, asili yake huko. Ukitaka kuona Chenin inafika wapi tafuta Savennières, karibu na Angers, inaota kwenye mawe ya shisti, kavu, ngumu, ikiwa changa inakutazama tu. Hiyo nayo ingefaa huu uzi ila sio kwa chaza.

KijanaWaTanga
Aisee wakuu asanteni. Nimeamua: Muscadet ya Clisson kwa chaza, halafu Montée de Tonnerre na samaki, Sancerre nitarudi kuichukua siku ya jibini. Sasa mawili ya mwisho. Chablis ni ya 2022, sio changa sana? Na ikae friji muda gani?

Bukavu_Lyon
2022 kulikuwa na jua jingi, imefunguka mapema, kunywa bila wasiwasi. Ingekuwa 2021 ningekuambia subiri, ile ni kali na asidi yake bado inauma.

MzeeWaPipa
Premier Cru ya mtu makini inaweza kukaa hata miaka kumi, tufaa linaondoka inakuja asali kidogo na uyoga. Lakini Jumapili ni Jumapili mkuu, huwezi kumwambia mkwe arudi baada ya miaka kumi.

Dada_Neema
Kuhusu friji, watu wengi wanaua waini hapa. Ikiwa ya baridi kama soda hupati chochote, si jiwe si tufaa. Muscadet itoe friji ikiwa baridi kweli, digrii 8 au 9, mimina hapo hapo. Chablis itoe wakati chaza wanaanza kuliwa, ikae mezani kama dakika ishirini ifike digrii 11 au 12, na usitumie zile glasi ndefu nyembamba za shampeni, omba glasi ya kawaida yenye tumbo. Na mbebee limao mzee lakini usimkamulie kila chaza, waini tayari ina kazi hiyo.