Mtu mzima na akili zako unachokonolea sikio kalamu ya mpingo???

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, hata vumbi la mbao sijanawa. Yule jamaa katoka hapa karakana sasa hivi. Simtaji. Mnamjua. Yule wa "nifanyie bei ya kishkaji", mwenye funguo za gari ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Kaagiza mwenyewe: kalamu ya kubonyeza, ya mpingo, zawadi ya bosi wake anayestaafu. Sawa. Mpingo mnaujua au mnausikia tu? Ukiutupa majini unazama. Wazungu wanatengenezea klarineti. Ukiutoboa kwa pupa unapata moto, unapasuka katikati, na kazi imekufa. Unatoboa kidogo, unachomoa biti, unatoa unga, unaacha ipoe, unarudi. Halafu una mafuta yake, usipoufuta kwa spiriti kabla ya gundi, kile kibomba cha shaba kinachokaa ndani ya mti kitakuja kuchomoka kwa mteja. Nikakereza taratibu mpaka mti ukawa sawa na zile pete za kupimia unene zinazokaa pembeni, nikapiga msasa mpaka naona pua yangu kwenye mti. Ncha nikaikandamiza kwa jiliwa, springi, wino, klipu. Nikajaribu kitufe: ka! Inatoka. Ka! Inarudi.

Kaja. Kaichukua. Kabonyeza ka-ka-ka-ka-ka mpaka mbuzi wa jirani kageuka kuangalia. Nikavumilia.

HALAFU AKAITIA SIKIONI.

Sikioni wakuu. Upande wa kitufe. Kazungusha, kafumba jicho moja kwa raha zake, kachomoa, kaitazama, kaifuta kwenye suruali. Mbele ya mama mmoja aliyekuja kuulizia stuli. Mama wa watu kaondoka bila kuuliza bei.

Halafu ananiambia: "Nzuri, ila wewe si umeunga tu vitu vya Mchina? Shika elfu tatu." Elfu tatu! Mzigo wenyewe wa hivyo vitu umekaa njiani mpaka nikasahau niliagiza nini!

Hela siidai tena. Ila sikio jamani. Na alivyofumba lile jicho. Mnaomtetea mkampe kalamu zenu.

Seremala Mstaafu: Pole sana mkuu. Huyo alikuja kwangu kuagiza meza, vipimo kachukua kwa simu. "Fundi, ukuta ni simu saba na nusu." Nikatengeneza. Kaja kuichukua ana simu nyingine, anasema nimempunja.

Kidagaa Mchungu: Swali la kiufundi. Sikio la kulia au la kushoto?

Fundi Mkerezaji: La kushoto. Linakusaidia nini?

Kidagaa Mchungu: Basi la kulia ndilo alisikia bei, likaziba.

Mpita Njia: Hii chai, haina hata tangawizi. Kitufe cha kalamu kinene vile kitaingiaje sikioni?

Fundi Mkerezaji: Hujaliona sikio lenyewe wewe. Lile unapitisha mpini wa jembe.

Mzee wa Hoja: Mkuu usikasirike, ila tuongee ukweli. Kitufe Mchina, springi Mchina, klipu Mchina, ncha Mchina, kibomba Mchina. Chako hapo kipi?

Fundi Mkerezaji: MTI. Na mkono. Mkeo akipikia sufuria ya Mchina, pilau ni la Mchina?

Mzee wa Hoja: Mke wangu kaingiaje hapa?

Kidagaa Mchungu: Nimeweka kambi, nani ana bisi?

Mtoto wa Kilwa: Huo mpingo una kibali lakini? Sisi huku vijiji vinatunza misitu yake na kuuza kwa utaratibu, nyie wa mjini mnajiokotea tu.

Fundi Mkerezaji: Ni vipande vya mabaki kwa wachonga vinyago wa Mwenge, kipande chenyewe kinalingana na kidole. Usinitafutie kesi, mimi nina kesi ya sikio.

Bibi Randa: Ungemwambia ainunue palepale. Ukishaitia sikioni imekuwa yako.

Fundi Mkerezaji: Si ndiyo nilimwambia! Anasema "kwani imeharibika?" Anabonyeza tena ananionyesha. Ka! Ka! Na ile nta ikiwa bado inang'aa kwenye kitufe.

Bibi Randa: Nilikuwa nakula.

Mama Pacha: Mnalia na kalamu. Mimi fundi sofa kachukua nusu ya hela, nikimpigia anasema "nipo kwenye kitambaa, dada". Miezi yupo kwenye kitambaa. Nikaenda kumfuata, nikakuta watoto wake wanarukia mbao za sofa langu, wanacheza daladala.

Seremala Mstaafu: Dada, mafundi sofa msituchanganye na sisi.

Mama Pacha: Mna tofauti gani? Wote "kesho mchana".

Fundi Mkerezaji: Jamani turudi kwenye mada. Alilifumba jicho kabisa.

Mzee wa Hoja: Afadhali sofa. Mafundi cherehani ndio janga la taifa. Nimepeleka kitambaa cha suti, imerudi kaptula na kizibao, na hela ya ziada anadai.

Msema Kweli: Wewe ulimpelekea mita ngapi?

Mzee wa Hoja: Mita zinahusu nini? Yeye ndiye aliyenipima!

Mama Pacha: Yule wa karibu na mashine ya kusaga? Mwenye futi kamba shingoni saa zote?

Mzee wa Hoja: Huyohuyo!!

Bibi Randa: Subirini. Gauni langu la send-off liko kwake. Tangu Idi. Kuna mtu aliyepita hapo leo aniambie kama limetundikwa au limevaliwa?