Kikundi cha ukoo: ECG ya Baba Mdogo

Baraka: Jamani, tumefika hospitali. Baba Mdogo amepimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, hapo hapo, hata dakika 10 hazijaisha. Wanasema haina shida. Ameshavaa viatu anataka kuondoka.

Shangazi Zena: Mungu ashukuriwe. Basi ni gesi hiyo.

Neema: Shikamoo shangazi. Baraka asitoke!! Kifua bado kinauma?

Baraka: Kinambana, na jasho linamtoka.

Neema: Basi abaki. ECG inaonyesha moyo ulivyo kwa zile sekunde chache tu. Mshipa unaweza kuziba, ukaachia, ukaziba tena. Maumivu yakiendelea inarudiwa kila dakika 15 hadi 30 saa ya kwanza. Na ulizeni damu ya troponini, ile inayoonyesha kama misuli ya moyo imeumia, imechukuliwa saa ngapi.

Shangazi Zena: Marahaba mwanangu. Lakini mashine si imeandika yenyewe kwamba ni sawa?

Neema: Inaandika, shangazi, na inakosea. Huku dharura kwetu maneno ya mashine hatuyategemei, daktari anasoma mistari mwenyewe. Baraka nitumie picha ya karatasi kwangu, siyo humu. Kuna mwenye ECG ya zamani ya Baba Mdogo?

Mjomba Saidi: Ninayo ya mwaka jana, ya kliniki ya presha. Nakutumia sasa hivi.

Neema: Asante sana mjomba, hiyo ni dhahabu.

Neema: Nimezilinganisha. Kwenye vibandiko vya kifuani V1 mpaka V3 mstari umeshuka baada ya ule mwiba mrefu, mwaka jana haukuwa hivyo. Vibandiko vyote vya kifuani vimekaa mbele na ubavuni, kwa hiyo moyo ukiumia nyuma, mbele tunaona kinyume chake: badala ya kupanda, unashuka. Baraka mwambie daktari kwa heshima, naomba mpime na mgongoni, vibandiko V7 mpaka V9. Huko ukipanda hata nusu milimita ni jambo kubwa.

Shangazi Zena: Ee Mola.

Baraka: Daktari kakubali, amegeuzwa ubavu.

Baraka: Umepanda. Ni mshtuko wa moyo. Aspirini ametafuna, wanamkimbiza akazibuliwe mshipa.

Neema: Sawa, wako kwenye njia sahihi. Watauliza maumivu yalianza lini hasa, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Shangazi Zena: Yalianza saa 11 jioni, tulikuwa kwenye simu akaniambia kifua kinabana. Dawa ni za presha tu.

Baraka: Nimewaambia.