Naombeni ushauri: nimekwama na kitambulisho, zimebaki wiki mbili

Fundi wa Manyatta: Habari zenu. Nina miaka 24, naishi Manyatta hapa Kisumu, kazi yangu kuchomelea vyuma. Kuna mkandarasi ameniahidi kazi ya miezi minane, ila bila kitambulisho hanichukui, na mwisho wa mwezi anafunga orodha. Cheti cha kuzaliwa sina. Anayejua jinsi ya kukipata haraka anisaidie. Usingizi umenikimbia.

Mama Pendo, Nakuru: Pole mwanangu. Anzia kwa chifu na kadi ya kliniki na kitambulisho cha mzazi. Cha mtoto wangu wa tatu tulizungushwa miezi mitano, mara jina la baba limekosewa herufi, mara afisa hayupo. Vumilia tu.

Kibos Tu: Mimi ni Mnubi wa Kibos. Babu zetu waliletwa huku na Mwingereza wakiwa askari wake. Nilipofika miaka 18 mwenzangu wa darasa alienda asubuhi, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, saa nne karudi nyumbani. Mimi niliketishwa mbele ya jopo nikaulizwa kwetu ni wapi. Kwetu ni Kibos! Mpaka leo likinijia nakosa hamu ya kula.

Msamia wa Funyula: Fundi, ulizaliwa wapi? Hilo hujasema.

Fundi wa Manyatta: Ni mambo ya zamani. Linahitajika kwani?

Msamia wa Funyula: Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa ofisini. Sema tukusaidie.

Fundi wa Manyatta: Sawa. Nilizaliwa ng'ambo, Tororo, Uganda. Baba alikuwa wa huko, alifariki nikiwa mdogo. Mama ni wa huko kwenu Funyula, alirudi nami nikiwa na miaka miwili. Lakini hilo nimeshalitafutia njia. Kuna broka atanitolea cheti kinachosema nilizaliwa Busia, upande wa Kenya. Ni elfu kumi na tano, nimeshamtumia sita. Msinihukumu tafadhali. Kila niliyemuuliza aliniambia mtoto wa Mganda hapati.

Mzee wa Njoro: Na walikuambia kweli. Mtoto hufuata baba. Nenda kwenu ukachukue cha huko, kijana. Njia ya mwongo ni fupi.

Msamia wa Funyula: Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo ilikuwa katiba ya zamani. Mtoto akizaliwa nje, baba Mkenya alimpa uraia, mama Mkenya hakuhesabiwa. Dada zetu wa mpakani waliumia sana kwa hilo. Katiba iliyoanza tarehe 27 Agosti 2010 ililifuta. Kifungu cha 14 kinasema mzazi mmoja akiwa Mkenya siku unayozaliwa, awe baba au mama, wewe ni raia wa kuzaliwa, hata kama ulizaliwa nje ya nchi. Na kinawahusu hata waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Fundi, unanunua kwa kujificha kitu ambacho tayari ni chako.

Dereva wa Malaba: Ama aoe Mkenya, angoje miaka saba, aandikishwe uraia kwa ndoa. Mkandarasi atamsubiri 😂

Mama Pendo, Nakuru: Mambo ya uraia yanatesa kila mahali. Mdogo wangu yuko Ujerumani, aliukataa uraia wao miaka yote kwa kuogopa kupoteza wa Kenya. Sheria yao ilibadilika Juni 2024, sasa anaruhusiwa kushika zote mbili. Lakini shemeji yangu wa Musoma hathubutu, Tanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwao umekwenda.

Mpelelezi wa Kondele: Jamani, hii hadithi imetungwa. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Hiyo elfu sita aliitumaje kwa M-Pesa? Ngojeni, kesho ataomba mchango.

Fundi wa Manyatta: Laini ni ya jina la mama, na sijaomba senti ya mtu. Kadi yangu ya kliniki ninayo hapa mkononi. Imekunjwa mara nne, pembe moja imeliwa na panya. Ina jina la mama, kilo 3.1, na mhuri wa zambarau umefifia upande wa chini. Mama huiweka kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na risiti ya jeneza la baba. Broka ameniambia niichome ili isigongane na cheti kipya.

Mpelelezi wa Kondele: Nisamehe ndugu yangu. Usiichome!

Msamia wa Funyula: Usiichome kabisa! Hiyo kadi ndiyo inayokuunganisha na mama yako. Uganda vyeti vya kuzaliwa hutolewa na NIRA, mamlaka yao ya vitambulisho na usajili. Chukua cheti cha kweli cha Tororo, ukipeleke Uhamiaji hapo Kisumu pamoja na kitambulisho cha mama, na mama mwenyewe aende nawe. Cha uongo kikigunduliwa, wataanza kuutilia shaka hata ukweli wako.

Fundi wa Manyatta: Lakini broka ameahidi Ijumaa. Hiyo njia yenu itaisha lini? Kazi itanipita.

Kibos Tu: Inaweza kukupita, sikufichi. Mwambie mkandarasi ukweli, umpelekee barua ukishapeleka maombi. Kazi nyingine utapata. Mimi nilipata.

Fundi wa Manyatta: Nimemsomea mama majibu yenu. Amenyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama ni kweli imeandikwa mama. Nikamsomea tena. Amechukua kadi, ameifunga kwa karatasi ya nailoni, na ameiweka chini ya mto wake badala ya mkebeni. Kesho alfajiri tunapanda matatu ya Busia, tuvuke. Broka amepiga mara tatu, sijashika.