Mama anaacha nusu ya wali tangu apate kiharusi: tumnunulie miwani?

BintiLangoni (Lamu): Assalaam aleikum. Mama alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, wiki ya sita sasa. Anaongea vizuri, mkono wa kushoto umelegea. Ila wali wa kushoto kwenye sahani hauli, kisha analalamika hajashiba. Kichochoroni bega la kushoto linakwaruza ukuta. Daktari wa macho anasema macho ni mazima. Miwani itafaa?

MazoeziMalindi: Waalaikum salaam. Miwani haitafaa, kilichoumia ni ubongo. Huenda nusu ya uoni imekatika kwa macho yote mawili, au anaona ila ubongo haujali upande wa kushoto. Wengine wana yote mawili. Mwenye shida ya kwanza, akishaitambua, hugeuza kichwa mwenyewe. Wa pili hajui kama kuna kinachokosekana, na ukimwambia atakubishia.

Kaa mbele yake mita moja, atazame pua yako. Chezesha kidole kushoto, halafu kulia, halafu vyote pamoja. Akiona kimoja kimoja, lakini vikiwa pamoja akataja cha kulia tu, hiyo ni ya pili. Kisha chora mstari mlalo wa sentimita 20, aweke alama katikati. Alama ikienda kulia sana, ni dalili hiyo hiyo.

Kijana_wa_Shela: Si mumzibe jicho la kulia tu, la kushoto lifanye kazi?

MazoeziMalindi: Hapana. Kila jicho linaona kushoto na kulia, kwa hiyo utampunguzia uoni bure.

UmmuSalim: Bandikeni utepe mwekundu mpana ukingo wa kushoto wa meza. Kabla ya kula, autafute kwanza, ndipo macho yarudi kulia polepole. Kumzungushia sahani kunamshibisha leo, lakini hakumfundishi kitu. Dakika 10 au 15, mara kadhaa kwa siku. Akichoka hali huzidi. Maji na simu viwe kulia. Mazungumzo yaanze mbele yake, msogee kushoto kadiri anavyowafuata.

BintiLangoni: Na msahafu? Anaruka maneno.

UmmuSalim: Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo anaanza sawa kisha anaacha mwisho wa mstari na kushuka. Wekeni utepe ukingo wa kushoto wa ukurasa, asishuke mpaka aufikie. Gazeti la Kiswahili ni kinyume: ataanzia katikati ya mstari.

MazoeziMalindi: Njiani mtu akae kushoto kwake, kati yake na mfereji; punda akitokea huko hatamwona. Jiko la makaa asiachiwe peke yake, mkono ule unaweza kuungua bila yeye kushtuka. Na kupanda mashua gatini kusubiri.

BintiLangoni: Itaisha?

MazoeziMalindi: Nafuu kubwa huja miezi 3 ya mwanzo, baadaye kidogo kidogo. Mstari ule uchoreni kila wiki, mwandike tarehe, karatasi ziende naye kliniki. Uoni au maneno yakibadilika ghafla, hospitali saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi.